Jinsi ya kuandika riwaya ya jinai yenye kasi: mchunguzi mwanamke, Mombasa, na ushahidi unaopotea

Msomaji wa riwaya ya jinai hawezi kukiweka kitabu chini akijua kuna kitu kinapotea na aliyetumwa kukiokoa bado yuko njiani. Hili naliamini kuliko kanuni nyingine yoyote ya utanzu huu, na mwongozo wote umejengwa juu yake. Risasi na magari yanayofukuzana huchosha baada ya kurasa chache. Nyayo zinazokaribia kufutwa na maji hazichoshi.

Mombasa ina hazina ya vitu vinavyopotea. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, joto huharibu mwili upesi, na familia nyingi hutaka maiti wao azikwe siku ileile. Mwandishi anayetaka kasi hahitaji kuibuni. Anahitaji kujua saa hizi zinavyokwenda na kumtia shujaa wake katikati yake.

Hatua ya 1: Amua kazi yake hasa

Kosa la kwanza katika miswada mingi ni mchunguzi anayefanya kila kitu: anapiga picha, anapasua maiti, anapima damu, kisha anamkamata muuaji. Kenya kazi hizo zina watu tofauti. Askari wa DCI, yaani idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, wanaoshughulikia eneo la tukio hupiga picha, huchukua alama za vidole na kukusanya vielelezo. Mwanapatholojia ni daktari anayepasua maiti, na kazi yake iko mochari. Mkemia wa Serikali ana ofisi yake Mombasa, na kwake hupelekwa sampuli za sumu, damu na kadhalika. Maabara kuu ya uchunguzi ya DCI iko Kiambu Road, Nairobi, na ilizinduliwa mwaka 2022.

Chagua mmoja. Mimi ningemchagua askari wa eneo la tukio. Daktari huletewa mwili na mkemia huletewa bahasha, lakini askari huyu hutoka: yuko kwenye tope, yuko sebuleni kwa wafiwa, na baada ya miezi yuko kizimbani akihojiwa na wakili. Tumwite Zuhura, kwa ajili ya mifano tu, nawe utampa jina lako.

Uanamke wake usiwe pambo. Ukiweza kumtoa ukaweka mwanamume na hadithi isibadilike, bado hujamwandika. Mfano ulio mbele ya macho yetu: katika desturi ya Kiislamu maiti wa kike huoshwa na wanawake. Wanaoosha huona mwili mzima, wakati mwingine kabla polisi hawajaona chochote. Waliona wekundu shingoni, waliona michubuko mgongoni, na hawatamwambia askari wa kiume, kwa sababu siri ya maiti ni amana. Zuhura anaweza kuingia chumba kile, akavua viatu, akaketi mkekani na kusubiri. Mlango huo hauna mwanamume atakayeufungua.

Hatua ya 2: Andika mauaji kabla ya riwaya

Andika kurasa mbili au tatu ambazo hakuna msomaji atakayeziona: nani aliua, kwa nini, wapi, saa ngapi, alifanya nini dakika kumi baadaye, alisahau nini. Fuata mfululizo wa saa, bila mapambo. Kila kidokezo cha kitabu kitatoka humu.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni huu. Karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, anapatikana asubuhi kwenye mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Nguo zimelowa. Kila mtu anasema amezama. Ukweli ni kwamba alinyongwa kwingine, kwenye ufuo wa mchanga mweupe wa kaskazini, akaletwa kwa dau alfajiri.

Hatua ya 3: Zitege saa zako

Hapa ndipo riwaya itakapofaulu au kuanguka, basi tukae.

Saa ya kwanza ni bahari. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku mwendo huo huchelewa kwa kadiri ya dakika 50, pengine chini ya hapo siku za bamvua, yaani siku za maji makubwa. Bamvua huja mwezi ukiandama na unapokuwa mpevu. Wakati huo tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa Mombasa hupita mita 3. Kwenye maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Wavuvi wanajua pia kwamba siku za bamvua maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mwendo wa saa nne. Ukiandika kwamba usiku wa mwezi mpevu maji yalijaa saa sita usiku, mvuvi wa Mtongwe atakufunga kitabu usoni.

Sasa tazama maarifa haya yanavyozaa hadithi. Ni siku mbili baada ya bamvua. Zuhura anafika saa tatu asubuhi. Mwili uko juu ya mstari wa mwani ulioachwa na maji ya alfajiri, na chini yake majani ni makavu. Bahari haikumleta. Amebebwa. Na kwenye tope, chini ya mstari ule, kuna nyayo na mkwaruzo wa mkuku wa chombo, vyote vimefanyika baada ya maji kuanza kutoka. Maji yatarudi mchana. Ana saa chache za kupiga picha, kupima na kumimina plasta kwenye nyayo.

Kuna zaidi. Muuaji aliuacha mwili pale akidhani maji yatakapojaa tena yatauchukua. Hakujua kwamba baada ya bamvua kujaa kwa maji hupungua siku hadi siku. Basi muuaji si mtu wa bahari. Lakini aliyemleta kwa dau ni mtu wa bahari, alijua, na alinyamaza, kwa sababu alitaka mwili uonekane. Mtu huyo ni nani, na anaogopa nini? Nusu ya riwaya imepatikana kwenye mstari mmoja wa mwani.

Saa ya pili ni joto. Vitabu vingi vilivyoandikwa nchi za baridi husema mwili hupoa karibu digrii moja kila saa. Usikinakili kipimo hicho. Machi, mchana wa Mombasa hupita digrii 30, na mwili wenye digrii 37 hupoa polepole mno. Uliopigwa na jua unaweza hata kuongezeka joto. Kukakamaa huanza taya na shingo baada ya saa mbili hadi sita, na joto huharakisha kuja kwake na kuondoka kwake. Damu hutuama sehemu ya chini ya mwili, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili hivi alama yake huwa imeshika haihami. Kwa hiyo mwili uliolala kifudifudi ukiwa na alama hizo mgongoni uligeuzwa au kuhamishwa baada ya muda mrefu. Nzi nao ni mashahidi: hufika mapema, mayai yao huanguliwa chini ya saa 24 kwenye joto letu, na wengi wao hawatagi gizani. Mayai yaliyokwisha kuwepo alfajiri yanasema mwili ulikuwa mahali wazi jana mchana.

Saa ya tatu ni mazishi. Familia inataka kuzika kabla ya alasiri. Kafani imenunuliwa, watu wameanza kukusanyika, kaburi limeshachimbwa Kikowani. Usiwaandike wafiwa kama wajinga wanaoizuia sayansi. Kumzika maiti upesi ni kumheshimu, na ami wa marehemu anayesimama mlangoni kukataa upasuaji anatetea jambo la haki kwake. Zuhura mwenyewe, kama ni binti wa Mji wa Kale, anaamini vivyo hivyo, na babake alizikwa vivyo hivyo. Mgogoro wa kweli uko ndani yake.

Ukitaka, mazishi yashinde. Hakimu nchini Kenya ana mamlaka ya kuamuru mwili ufukuliwe kwa uchunguzi, lakini gharama ya amri hiyo mtaani ni kubwa, na mwandishi mzuri ataionyesha yote: majirani wasiojibu salamu, mama wa Zuhura aliyeacha kwenda kununua mahamri asubuhi.

Saa ya nne ni sheria. Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia nje ya saa au siku za kazi za mahakama. Mshukiwa akikamatwa Ijumaa jioni, hesabu inabadilika, na polisi mwenye hila anajua hivyo.

Hatua ya 4: Acha ushahidi ufanye kazi yake kwa mwendo wake

Edmond Locard, Mfaransa aliyefungua maabara ya polisi Lyon mwaka 1910, ndiye baba wa wazo kwamba watu wawili wakigusana kila mmoja huondoka na kitu cha mwenzake. Riwaya yako yote ni kulitafutia wazo hilo sura ya Mombasa. Mchanga mweupe wa ufuo wa Bamburi una chembe za matumbawe, na ukidondoshewa asidi hutoa povu. Tope la mikoko ni jeusi na linanuka salfa. Mchanga wa matumbawe uliojificha kwenye mshono wa buibui la mwanamke aliyepatikana mikokoni ni swali linalodai jibu.

Kisha kuna vidokezo ambavyo Zuhura peke yake atavisoma. Hina kwenye ngozi hufifia baada ya wiki mbili tatu, lakini ikishika ukucha haioshwi. Inasogea mbele ukucha unavyokua, kiasi cha milimita 3 kwa mwezi. Ukucha wa marehemu una nafasi safi ya milimita moja na nusu karibu na ngozi. Alipakwa wiki mbili zilizopita. Mama yake anaapa kwamba binti hakuwa na mume wala hajaingia harusini tangu Ramadhani. Basi ni nani aliyempamba, na kwa ndoa gani? Mwenzake Zuhura, askari mwenye miaka ishirini kazini, aliitazama mikono ileile na kuandika "hakuna cha ajabu".

Kuhusu maabara, kuwa mkweli. Kipimo cha haraka kinachogeuka rangi ya waridi kikigusa damu hutoa jibu papo hapo, lakini hudanganywa na baadhi ya mimea, kwa hiyo ni dalili tu. Luminoli, kemikali ya kupuliza, hung'aa penye damu, na hung'aa vilevile penye jiki. Muuaji aliyesugua sakafu kwa jiki ataifanya nyumba nzima iwake. DNA haiji jioni ileile. Baada ya miili ya waumini wa dhehebu moja, zaidi ya 400, kuanza kufukuliwa msitu wa Shakahola, Kilifi, Aprili 2023, familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024, baada ya DNA kulinganishwa. Uchungu wa kungoja kule haukuwa hadithi, na mwandishi wa Pwani anapaswa kuuheshimu. Kwa riwaya, ucheleweshaji huu ni neema: Zuhura lazima atatue kwa macho, pua na mazungumzo, na barua ya maabara ije kuthibitisha au kuvuruga mambo sura ya 33.

Mambo madogo ya mikono hujenga imani ya msomaji kuliko mashine. Nguo iliyolowa haiwekwi kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu utaiozesha. Inakaushwa kwanza kisha inafungwa kwa karatasi. Kila mfuko una lebo, saa, na sahihi ya kila aliyeushika. Tukio limeandikwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, yaani OB, na lina namba yake. Mfuko mmoja ukikosa sahihi moja, wakili ataufungulia mlango muuaji.

Chora ramani ya eneo la tukio kwa vipimo kabla hujaliandika. Frances Glessner Lee, Mmarekani wa karne iliyopita, alitengeneza vyumba vidogo vya vifo, vyenye kila kiti na kila doa, ili kufundishia polisi kutazama, na bado vinatumika Baltimore. Karatasi na penseli zinakutosha wewe.

Hatua ya 5: Mtego wa saa na siku

Huu ni wetu, na sijui kwa nini hautumiki zaidi. Shahidi mzee wa Kibokoni anasema alimwona marehemu saa tatu usiku wa Ijumaa. Kwake usiku hutangulia mchana, kwa hiyo anazungumzia Alhamisi jioni. Askari aliyetoka bara anaandika Ijumaa. Kamera ya duka inaonyesha 21:04 ya Alhamisi na polisi wanaamua mzee ni mwongo. Sura nane zinakwenda mrama kwa sababu ya mstari mmoja kwenye taarifa, na Zuhura, aliyelelewa nyumba inayohesabu vivyo hivyo, ndiye anayeligundua. Utege mtego huu mapema, bila kuuelezea.

Hatua ya 6: Panga sura

Sura fupi: maneno 1,200 hadi 1,800. Sura arobaini kama hizo hukupa riwaya ya maneno 60,000 hivi. Hadithi yenyewe ibane: theluthi mbili za kitabu ziwe ndani ya siku tatu, kisha ruka hadi mahakamani.

Kila sura iwe na jambo moja linalopotea na swali moja jipya. Malizia kabla jibu halijafika, lakini usimlaghai msomaji: ukikata sura mlango unapofunguliwa, aliye nyuma ya mlango awe mtu wa maana. Baada ya sura tatu za mbio, mpe pumzi. Zuhura anywe kahawa chungu barazani, asikilize watu. Mara nyingi hapo ndipo kidokezo kikubwa hupita bila kuonekana.

Kasi iko kwenye sentensi pia. Tazama kipande hiki:

Zuhura alipiga magoti topeni. Nyayo tatu, kisigino kimezama kuliko vidole. Mtu mwenye mzigo.
"Maji yashageuka, mwanangu," mvuvi alisema nyuma yake.
"Yatafika hapa saa ngapi, babu?"
"Ukimaliza kuswali adhuhuri, hapa ni bahari."
Alifungua mfuko wa plasta. Nusu saa ya kushika. Simu ikalia: mochari. Jeneza limeshafika.

Vitenzi ndivyo vinavyokimbia hapo. Hakuna aliyeelezwa anavyojihisi, na hakuna haja.

Hatua ya 7: Masikio yako yawe mtaani

Askari wataitana afande. Lakini Zuhura akibisha hodi Mji wa Kale, swali la kwanza halitahusu kitambulisho. "Wewe mwana wa nani?" Akijibu vizuri, atakaribishwa, na aliyemkaribisha atamjua mpaka nyanyake. Hilo ni msaada na ni hatari, kwa sababu mshukiwa naye ni mwana wa mtu. Zuhura atamwita mwanamke mkubwa mama au bibi, nduguye babake ami, hata anapowahoji. Mswahili wa Mombasa anayejua ataficha kwa adabu: atasifu, ataomba dua, atamimina chai, na hatajibu. Andika mahojiano hayo polepole. Ndiyo mapambano halisi ya kitabu.

Watie wote mjini. Mahamali wa mikokoteni Marikiti, madereva wa tuktuk, Wagiriama, Wakamba, Wahindi wa biashara, vijana wa bara waliokuja kutafuta kazi Kilindini, kila mmoja na Kiswahili chake. Mombasa ya watu wa aina moja haipo.

Hatua ya 8: Kizimbani

Kesi ya mauaji husikizwa Mahakama Kuu. Video ya kamera au rekodi za simu huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na cheti kilichosahaulika kinaweza kuiangusha kesi iliyokuwa imeshinda. Tangu Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba hukumu ya kifo si lazima kwa kila kesi ya mauaji, jaji ana nafasi ya kupima, kwa hiyo usimwandike akisema mikono yake imefungwa.

Mpe wakili wa utetezi akili. Amuulize Zuhura kama aliwahi kukaa na wanawake walioosha maiti kabla ya kuandika taarifa yake. Alikaa. Swali hilo litauma, kwa kuwa kilichomsaidia kuupata ukweli ndicho kinachoweza kuutia doa.

Hatua ya 9: Utafiti, kisha wasomaji wanne

Mahakama ziko wazi kwa umma. Kaa nyuma kimya, sikiliza daktari akihojiwa kuhusu jeraha. Tovuti ya Kenya Law ina hukumu za Mahakama Kuu ya Mombasa bila malipo, na ndani yake utakuta namna vielelezo vilivyopotea, mashahidi walivyogeuka na majaji walivyopima. Jifunze mwendo wa kesi, uache majina na misiba ya watu. Jedwali la maji la mwaka unaouandikia liwe ukutani kwako.

Mswada ukiisha, wape watu wanne: muuguzi au mhudumu wa mochari, askari mstaafu, mvuvi, na mwanamke anayeosha maiti. Asiyesoma sana, msomee. Usiwaulize kama wamependa. Waulize ni wapi walisema "haiwi hivi", na urekebishe kila mahali walipotaja, hata ikikulazimu kuvunja sura unayoipenda. Kisha sajili haki yako KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, chukua namba ya ISBN kwa Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya, na anza kutafuta mchapishaji ukiwa na sura tatu za kwanza, muhtasari wa kurasa mbili unaomtaja muuaji bila kuficha, na orodha ya saa zako zote nne zinavyokwenda kuanzia ukurasa wa kwanza.